Wazee wa Embu wanaozungumza Kiingereza

KILA nikisoma Embu Historical Texts, kitabu cha mwanahistoria H.S.K. Mwaniki kilichochapishwa 1974, namshukuru na papo hapo namdai. Aliwaendea wazee, akawauliza kuhusu asili na koo zao, akayahifadhi masimulizi ambayo wangekwenda nayo kaburini. Kazi kubwa hiyo!

Walakini, kitabuni wazee hao wananena Kiingereza. Habari imebaki, sauti imepotea. Methali na mafumbo yao ya Kiembu yalisemwaje hasa?

Kule Ufaransa, Frédéric Mistral alitunga mashairi kwa Kiprovansi, lahaja ya Kioksitani, akaiandikia lugha yake kamusi. Mwaka 1904 akapata Tuzo ya Nobel. Hakungoja Paris impe ruhusa.

Mtaniambia Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Sawa, lakini Katiba haiandiki vitabu. Sisi wasomi wa Meru na Embu, nami nikiwemo, twawahoji wazee kwa lugha ya mama kisha twawachapisha kwa lugha ya kigeni. Jamani, tuchapishe zote mbili, ukurasa kwa ukurasa. Mwacha asili ni mtumwa.