Hongera Wabebaji wa Ingobyi

Nchini Burundi, ngazi ya chini kabisa ya utawala ni kilima, na nyumba zimetawanyika kila moja na migomba yake. Giteranyi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ni hivyo hivyo. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari liko mbali. Majirani ndio waliopo.

Nawapongeza watu wa Msalaba Mwekundu wa Burundi, chama kilichoanzishwa mwaka 1963 na kujengwa na vikundi vya vilimani. Hawalipwi mshahara. Humlimia mjane, humkandikia nyumba mzee asiye na mtoto, na pasipo na gari humbeba mgonjwa kwa ingobyi, machela ya kufuma yenye miti miwili mirefu. Wanne huiinua mabegani, wengine hufuata nyuma ili kupokezana, na kwenye mteremko, wale wa mbele huinyanyua juu zaidi ili mgonjwa asije akateleza. Jembe wanalolimia ni lao wenyewe, na siku wanayoitoa ni ile ambayo wangepalilia maharage yao.

Ikumbukwe pia vita vilivyoanza 1993. Maelfu walikimbilia Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na majirani wakaogopana. Kwangu mimi, kumwinua mgonjwa bila kuuliza ukoo wake kumeponya mengi ambayo mikutano haikuyafikia.

Ila shukrani hizi zisiwe kisingizio. Wanastahili barabara inayopitika na gari la wagonjwa, ili mabega yao yapumzike.