"Taa Kali" au "Taa ya Zenoni"?

Mwananchi anayebadilisha taa za mbele za gari lake jijini Mwanza, si ajabu akisema ametia "taa kali". Jina hilo latupotosha. Balbu ya halojeni huwaka kwa uzi. Balbu ya zenoni haina uzi, bali umeme huruka ndani ya gesi baina ya ncha mbili, baada ya kuwashwa kwa msukumo wa volti 20,000 na zaidi. Hutumia wati 35 badala ya 55. Basi tofauti yake si ukali tu. Kiakisi kilichoundwa kwa ajili ya uzi huutawanya mwanga huo ovyo, na mpanda baiskeli ajaye kutoka Igoma hupofushwa kwa muda.

Neno "karabai", lililotokana na kabaidi, lilibaki hata wavuvi wa dagaa ziwani walipotumia karabai za mafuta ya taa, halikumdhuru mtu. Hili la sasa lina madhara. Twapendekeza "taa ya zenoni" kwa chombo, na "mwanga wa kupofusha" kwa kosa la kukipachika katika kiakisi kisicho chake. Msamiati usiotenga chombo na kosa hauwezi kumwonya fundi.