Uhakiki wa Istilahi: "Presha ya Macho"

Ni machache maneno ya tiba yanayotamkwa kwa wepesi na kueleweka vibaya kama presha ya macho, jina wanalotumia wengi kwa maradhi ambayo waganga huyaita glakoma. Katika makala haya tunakusudia kulipima jina hilo kwa kipimo kinachoistahili istilahi yoyote: je, linamfikisha mtumiaji kwenye dhana, au linampeleka kwingine?

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Sehemu ya mbele ya jicho hutengeneza majimaji, nayo hutoka kwa njia nyembamba zilizo pembeni. Njia hizo zikizibana, majimaji huzidi na msukumo wake huongezeka. Hatimaye huumia neva inayopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Katika aina iliyoenea zaidi, nuru hupungua kuanzia kandokando, polepole, bila maumivu. Iliyopotea hairudi, kwa kuwa nyuzi za neva zilizokufa hazioti tena. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao msukumo wao hauvuki kiwango cha kawaida, yaani kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na huku neva inaharibika. Wako pia wenye msukumo mkubwa ambao neva zao ni nzima. Basi msukumo ni chanzo kimojawapo cha hatari, wala si maradhi yenyewe. Hili ndilo kosa la kwanza la jina tunalolihakiki.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku, presha ni presha ya damu. Tumfikirie mkulima wa korosho wa Rondo, katika nyanda za juu zilizo magharibi ya mji wa Lindi. Akiambiwa ana presha ya macho, ana haki ya kudhani kwamba presha aijuayo imepanda hadi machoni, na kwamba vidonge vya presha vitamtosha. Kutoka Rondo kwenda kwa mganga wa macho ni safari yenye gharama. Neno likimwambia kwamba safari hiyo si ya lazima, hataifunga.

Wako wanaopendekeza shinikizo la jicho. Neno hilo ni fasaha, lakini halikuondoa tatizo, kwani shinikizo la damu nalo limekwisha kuzoeleka. Kanieneo, neno la walimu wa fizikia, ni sahihi darasani, ila mgonjwa halimwambii kitu.

Aidha, wafasiri hawana budi kuangalia kitenzi. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi. Lenzi hiyo ikitolewa na nyingine kuwekwa, aghalabu mtu huona tena. Upasuaji wa glakoma hufungua njia ya majimaji tu, ili nuru iliyobaki isipotee. Maandishi yakisema "upasuaji wa kuponya macho" kwa yote mawili, yule aliyemwona jirani yake akirudi hospitali anaona atatazamia hayohayo, na asipoyapata atasema amedanganywa. Kadhalika, anayesoma kwamba matone "huponya" atamaliza chupa moja na kuacha, ilhali hutumika kila siku, kwa kawaida maisha yote.

Neno kufaulu nalo lina mtego. Jaribio lililofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2021, lililinganisha matone ya timololi na tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila mia, na matone kwa 31. Kufaulu huko ni kushuka kwa msukumo hadi kiwango kilichowekwa. Hakuna aliyerudishiwa nuru. Mfasiri asipolieleza hilo, takwimu sahihi itazaa tumaini la uongo.

Itasemwa kwamba presha ya macho ni neno la wananchi, na glakoma ni la kigeni. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini malaria nalo lilikuja, na hakuna asiyelijua leo. Neno geni huingia likiwa tupu, likapokea maelezo tunayolipa. Neno lililokwisha kujaa maana nyingine huyakataa. Tena maradhi haya si ya wachache: utafiti wa vijiji vya Kongwa, uliochapishwa mwaka 2000, uliyakuta kwa watu wapatao wanne katika kila mia wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Maradhi yaitwe glakoma. Presha ya macho itajwe mara moja tu mwanzoni mwa maandishi, ili msomaji ajue linalozungumzwa, na papo hapo aelezwe kuwa si presha ya damu. Kinachopimwa kiitwe msukumo wa majimaji ya jicho. Kinachoumia kiitwe neva ya jicho, maana mshipa humrudisha msomaji kwenye damu. Matone, leza na upasuaji visemwe kuwa huzuia upofu usiendelee, wala si kuponya. Walimu na waandishi wa idara za afya wayajaribu maneno haya mbele ya wasomaji wao, watuletee hoja zao. Istilahi hii ikikosewa, anayelipa ni mgonjwa, naye hulipa kwa macho yake.