Kupima Uelewa wa Wagonjwa wa Presha Kandokando ya Ziwa Victoria

Uelewa wa taarifa za afya ni uwezo wa mtu kupata maelezo ya afya, kuyafahamu na kuyatumia. Kwa mgonjwa wa presha, uwezo huo huonekana katika mambo madogo: kuona 150/95 kwenye kadi na kujua kwamba imepanda, au kumeza dawa hata siku ambayo mwili hauna dalili yoyote. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 uligundua kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja.

Vipimo vingi vya uelewa huo vilitungwa Marekani. REALM humpa mgonjwa maneno 66 ya kitabibu ayasome kwa sauti, na alama hutegemea matamshi. Kwa Kiingereza hilo lina mantiki, kwa kuwa maandishi na matamshi yake hutofautiana sana. Kiswahili na Dholuo, lugha ya Waluo wa eneo la ziwa, huandikwa karibu kama zinavyotamkwa. Mkazi wa Kisumu aliyeishia darasa la tano anaweza kusoma "shinikizo la damu" bila kukosea na asijue ni ugonjwa gani. Kipimo hiki hakifai huku, hata kikitafsiriwa kwa ustadi. Waliotunga kipimo cha Kihispania mwaka 2006 walikumbana na tatizo hilohilo, wakaongezea kila neno swali la maana.

S-TOFHLA humtaka mgonjwa ajaze mapengo 36 kwa dakika 7. Hapa kuna mtego wa sarufi: pengo linalofuata "vidonge" litajazwa "viwili" kwa sababu ya upatanisho, si kwa sababu dozi imeeleweka. Machaguo yote lazima yawe ya ngeli moja. Aidha, kifungu kimoja kinahusu bima ya Marekani. Mahali pake panastahili maelezo ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Newest Vital Sign huuliza maswali 6 kuhusu lebo ya aiskrimu. Badala yake ingefaa lebo ya mkate yenye kiasi cha chumvi, mradi ugumu wa hesabu ubaki uleule. Chumvi ina historia hapa: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia watu waliohama vijiji vya ukanda wa kaskazini wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi, ukaona presha ikipanda, sodiamu ya mkojo ikiongezeka na potasiamu ikipungua.

Baada ya kutafsiri na kurudisha tafsiri kwenye lugha ya awali, hatua isiyorukwa ni kukaa na wagonjwa wachache na kuwauliza kila swali wamelielewaje. Wengi huamini presha huletwa na mawazo na kwamba mtu huihisi ikipanda. Swali lisiloligusa hilo linakosa kiini cha matibabu. Anayeuliza asivae sare ya kliniki, maana heshima huzaa majibu ya "ndiyo". Kisha huja takwimu: alfa ya Cronbach ya 0.70 au zaidi huonyesha maswali yanakwenda pamoja, lakini haisemi yanapima nini.

Wasiojua kusoma husomewa maswali kwa Dholuo. Alama zao zisichanganywe na za waliojisomea wenyewe, kwa kuwa hivyo ni vipimo viwili tofauti.