Ahadi ya Tangazo na Haki ya Kazi: Uhakiki wa Filamu The Grey

Mtambaji wa ngano asemapo "Paukwa" na hadhira ikaitika "Pakawa", maagano yamekwisha kufungwa baina yao. Akiyavunja, hadhira ina haki ya kununa. Sinema za kibiashara za Marekani nazo zina "Paukwa" yao, yaani tangazo fupi lionyeshwalo kabla ya filamu yenyewe kutoka. Lakini tangazo hilo aghalabu huwa ni kazi ya wauzaji, wala si ya msanii. Je, likivunjwa agano, alaumiwe nani?

Tuchukue mfano wa The Grey, filamu ya Joe Carnahan iliyoingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Januari 2012. Ndege ya wafanyakazi wa kampuni ya mafuta yaanguka katika theluji ya Alaska, na wachache wanaonusurika wanawindwa na mbwa-mwitu. Anayewaongoza ni Ottway, anayeigizwa na Liam Neeson, mtu aliyeajiriwa kuwapiga risasi wanyama hao. Katika tangazo twamwona akijifunga vigae vya chupa vidoleni, tayari kwa vita. Mtazamaji hununua tikiti ili aione vita hiyo, wala haioni. Tukio hilo ni la mwisho; Ottway anaporuka, kiwambo chageuka cheusi. Majina yakiisha kupita, huja taswira moja fupi isiyotwambia bayana nani aliyeshinda. Mwandishi wa makala haya naye alitoka amenuna.

Hata hivyo, kuitazama kazi mara ya pili kunafunza. Mwanzoni mwa filamu, Ottway ajitia mtutu wa bunduki kinywani akitaka kujiua. Baadaye wenzake wafa mmoja mmoja. Amlilia Mungu, na mbingu zanyamaza. Azipanga pochi za marehemu juu ya theluji. Ndipo ajifungapo vigae. Aliyetaka kufa sasa ameamua kuupigania uhai wake. Kwa hiyo swali la kazi hii si nani atashinda, bali kama mtu huyu atapigana. Jibu likishapatikana, hadithi imekwisha, na giza lile ni hitimisho linalostahili.

Basi wauzaji hawakutunga uongo, kwani walichokionyesha kimo. Walichokiiba ni mahali pake katika msuko. Kilichokuwa tamati ya safari ya nafsi kiligeuzwa kuwa ahadi ya ushujaa wa misuli. Taswira ni ile ile, lakini maana ni mbili, kwa kuwa maana hutokana pia na muundo.

Hata hivyo, haifai kumtakasa mtunzi kabisa. Mbwa-mwitu wake wanawaandama watu kama mashetani wenye kisasi, na kila ngurumo yao yachochea kiu ile ile iliyochochewa na tangazo. Hapo kazi yenyewe imetia sahihi sehemu ya ahadi ya muuzaji, kisha ikakataa kulipa.

Jambo hili halihusu sinema peke yake. Nasi tumezoea kuipima riwaya kwa picha ya jalada lake na sifa zilizoandikwa mgongoni. Mhakiki hana budi kuuliza maswali mawili: kazi imeahidi nini kwa ulimi wake yenyewe, na imeitimiza vipi ahadi hiyo? Deni la muuzaji na lidaiwe kwa muuzaji.