Mapukutiko ya Dakika Kumi

Kwenye sebule yetu kule Bomet kulikuwa na kalenda ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Duka la vifaa vya ujenzi lililotupa kalenda hiyo lilishafungwa na tarehe zake zilishapitwa, lakini mama hakuitoa ukutani kwa sababu picha ya Oktoba ilikuwa nzuri mno. Msitu mzima mwekundu. Barabara katikati, majani ya rangi ya machungwa yamelala pande zote mbili, na hakuna mtu hata mmoja. Chini ya kalenda, sofa yenye vitambaa vya kufuma. Nje ya dirisha, majani chai. Kijani. Januari kijani, Juni kijani, Krismasi kijani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kwingineko duniani misitu huiva kama ndizi.

Niliikumbuka kalenda hiyo Oktoba hii nikiwa Nairobi, simu ikiwa imejaa picha za watu wa huku huku kwetu, wamevaa sweta, wameshika vikombe vyenye mdalasini, wanasema msimu wao waupendao umefika. Msimu upi, jamani? Jua lilikuwa linawaka, na kitu pekee kilichokuwa kikianguka ni maua ya mjakaranda kwenye vioo vya matatu. Lakini sikuwacheka sana. Mimi pia nina shairi la msimu huo nililolibeba tangu kidato cha pili, na nilipolirudia juzi niligundua nimekuwa nikilisoma vibaya miaka yote hiyo.

Shairi lenyewe ni "To Autumn" la John Keats. Aliliandika Septemba 1819, baada ya kutembea kwenye mashamba nje ya mji wa Winchester, na akafa mapema 1821 akiwa na miaka 25. Beti tatu tu, kila ubeti mistari 11. Nililipata maktabani shuleni, kwenye kitabu kisicho na jalada, siku ambayo nilikuwa nimejificha nisiende kukata nyasi. Ungeniuliza wakati wowote baada ya hapo linahusu nini, ningekujibu bila kusita: majani yanaanguka, mtu ana huzuni.

Sasa lisome. Hakuna jani hata moja linaloanguka.

Enyewe, nililipitia mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Ubeti wa kwanza umelemewa na matunda: mizabibu, matofaa, maboga, nyuki ambao hawaamini kwamba joto litaisha. Ubeti wa pili unaufanya msimu kuwa mtu, amekaa kwenye sakafu ya ghala, upepo unamchezea nywele, au amelala usingizi katikati ya shamba lililovunwa nusu. Ubeti wa tatu ni sauti: wadudu, kondoo, nyenje, ndege. Limejaa mavuno kuanzia juu hadi chini. Yale majani mekundu niliyoyaona ndani yake yalitoka kwenye kalenda ya mama.

Hilo linanisumbua kama msomaji. Maana yake ni kwamba picha moja ya ukutani ilikuwa na nguvu kuliko mistari 33 iliyokuwa mbele ya macho yangu. Na sidhani niko peke yangu. Hata lugha yetu inayumba hapo hapo.

Hebu jaribu kutafsiri jina la shairi. Fungua kamusi, au sikiliza taarifa ya habari ya idhaa za nje. Utapata "majira ya vuli" au "majira ya mapukutiko". Vuli ni neno la Pwani, zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Disemba. Ukimwambia mkulima wa Kilifi kwamba kule London ni vuli, umemwambia mvua zimeanza, watu wako shambani wanapanda. Neno la kuotesha tumelipa kazi ya kukausha. Mapukutiko nalo lina sauti tamu, unalisikia likidondoka kipande kwa kipande, lakini linashika jambo moja tu, majani kuanguka, na hilo ndilo jambo ambalo Keats hakulitia.

Na sisi wa milimani je? Kiswahili kilipanda hadi Kericho kikiwa na kalenda ya Pwani mgongoni: masika, vuli, kipupwe, kaskazi, kusi. Kalenda ya pepo na majahazi. Huku hakuna jahazi. Huku mvua hunyesha karibu kila mwezi, inazidi Aprili na Mei, kisha inapungua kuanzia Disemba hadi Februari. Wakipsigis wenyewe waliandika majira yao kwenye watu. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Kiprop au Cherop, aliyezaliwa wakati wa kiangazi ni Kipkemei au Chepkemei. Darasani kwetu tulikuwa na Cherop watatu. Sijawahi kukutana na jina la mtoto aliyezaliwa majani yakianguka.

Ila majani huanguka. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Alasiri, joto la kunata, kisha upande wa msitu wa Mau ukageuka rangi ya sufuria iliyoungua. Upepo ukaja baridi ghafla, harufu ya mchanga uliolowa, halafu tone moja zito kwenye mabati. Halafu jingine. Halafu mlio ambao hauwezi kuongea juu yake. Mvua ya mawe. Sisi watoto tulipiga kelele za furaha ambazo hata wenyewe hatukuzisikia, tukatoa sufuria mlangoni, tukatia mawe mdomoni yakitugandisha meno. Ilikuwa raha. Nisingependa kudanganya hapa: mpaka leo hiyo ni mojawapo ya raha kubwa za utoto wangu.

Ilipokwisha, ua lote lilikuwa jeupe, na shamba lilikuwa limechanika. Chini ya kila mchai palikuwa na zulia la majani yaliyoraruliwa, mabichi, yakinuka kama kiwanda. Mama alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono nyuma, hakusema neno. Nikamletea jiwe kubwa kuliko yote, ukubwa wa kokwa ya parachichi hivi. Alilipokea, akalishika mpaka likayeyuka.

Hayo ndiyo mapukutiko yetu. Yanachukua dakika kumi, na majani yanaanguka yakiwa bado ya kijani.

Nyanda za chai za Kericho, Bomet na Nandi zinajulikana duniani kwa mawe haya. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa yalijaribu hata kuyarushia mawingu roketi, na baadaye ndege zikatumwa kuyatia kemikali, ili mawe yasikomae. Na kuna adui wa pili, asiye na kelele: zile alfajiri za kiangazi anga likiwa wazi, umande unapoganda juu ya majani na kuyachoma. Siku mbili tatu baadaye shamba linageuka kahawia, jekundu kidogo, rangi ya shaba. Ukitaka rangi za kalenda, Kericho inazo. Ni rangi za hasara.

Sasa linganisha na jinsi tunavyoandikwa, na tunavyojiandika. Soma maelezo ya watalii, soma hadithi zetu za mtandaoni, hata insha zangu za zamani, Mungu anisamehe. Ni zulia la kijani. Vilima vya kijani, ukungu, hewa safi, wachumaji kwa mbali kama nukta za rangi. Kericho imekuwa mahali pasipo na wakati. Mhusika akitaka kuwaza anapanda gari kutoka Nairobi, anaangalia kijani, anapona, anarudi.

Kosa la picha hiyo ni la kisanaa kabla halijawa la siasa: haijauliza kijani hicho kinatoka wapi. Mchai ukiachwa utakuwa mti, mrefu kuliko nyumba ya kawaida, wenye maua meupe. Ule usawa wa kiunoni unaoupiga picha ni mti uliokatazwa kukua. Kila wiki moja au mbili kuna mkono, au siku hizi mashine, unaopita juu yake ukichukua majani mawili na chipukizi. Kila baada ya miaka michache unapogolewa mpaka ubaki vijiti, shamba zima kama makaburi, kisha unaanza upya. Kijani cha Kericho hakiletwi na majira. Kinaletwa na kazi, na kazi ikisimama miaka kadhaa kinageuka msitu.

Hapa Keats ananisaidia, na pia ananikera. Anayelala kwenye shairi lake ni msimu wenyewe, uliojaa, usio na haraka. Mchumaji akilala kwenye mstari wa chai, mizani inamngoja. Analipwa kwa kilo. Lakini ndani ya ubeti huo huo kuna sura moja inayopita haraka: msimu unafananishwa na mtu anayevuka kijito akiwa na mzigo kichwani, mwokota masazo. Mtu wa aina ya Ruthu kwenye Biblia, anayefuata nyuma ya wavunaji akiokota masuke yaliyobaki. Mwaka 1788, miaka 31 kabla ya shairi, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kuokota masazo si haki ya maskini kisheria. Na Agosti 1819, wiki chache kabla Keats hajatembea Winchester, wanajeshi wenye farasi waliuvamia umati uliokuwa Manchester ukidai mageuzi ya bunge, wakaua watu. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu: je, utulivu wa shairi ni kukimbia, au ni njia ya kuomboleza bila kutaja?

Mimi nadhani yule mwokota masazo amewekwa pale makusudi. Amebeba mzigo, anaangalia asiteleze. Ni mistari miwili tu, lakini bila yeye mavuno yote yangekuwa kalenda.

Ndiyo maana nauliza, kwenye maandishi yetu ya Kericho, mtu wetu wa kijitoni yuko wapi? Ardhi iliyo chini ya zulia hili ina kumbukumbu. Sheria ya kikoloni ya 1934 iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, na ardhi nyingi ya Wakipsigis ikawa mashamba ya chai. Sisemi kila hadithi ya mapenzi inayotokea Kericho isimame katikati itoe somo la historia. Itachosha. Nasema mistari miwili inatosha, ikiwekwa mahali pake.

Na raha je? Zipo, na ni za Oktoba hiyo hiyo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA hulipwa kidogo kila mwezi, kisha mwaka wa hesabu ukifungwa Juni, anangoja malipo ya pili. Bonasi. Huingia Oktoba hivi, na hapo ndipo utaona mavuno ya Keats kwa macho yako: mabati mapya, godoro linalosafiri juu ya bodaboda, karo ya muhula, kitoto kina viatu vinavyokipwaya kwa sababu vimenunuliwa vya kukulia. Kiwango chake hutegemea sana bei za mnada wa Mombasa, unaohesabiwa kwa dola. Tulipata maneno ya majira kutoka Pwani, na msimu wetu bado unaamuliwa huko. Kwa kawaida upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa hupata kidogo kuliko wa mashariki. Kuna Oktoba watu huimba, na kuna Oktoba mama huzima redio.

Shairi la Keats linaishia kwa mbayuwayu wanaokusanyika angani. Shuleni nilifundishwa huo ndio mwisho, ndege wanaaga, baridi inakuja. Lakini mbayuwayu hawaendi kufa. Wengi wa Uingereza hushuka hadi Afrika Kusini, na wenzao kutoka sehemu nyingine za Ulaya na Asia huanza kuonekana Kenya karibu na Septemba. Ninawakumbuka juu ya nyaya za stima karibu na kituo cha kununulia chai, wamejipanga kama wakulima wanaongoja karani. Mstari wa mwisho wa Winchester, kwetu ni wa kwanza. Nilihitaji miaka mingi na kusoma vibaya kwingi ili nilione hilo, na ndiyo raha niliyoipata Oktoba hii bila sweta wala mdalasini.

Jumapili jioni nikampigia mama. Nilikuwa nimeona mtandaoni kwamba mawe yamenyesha upande wetu. Mawe huwa hayapigi kila mahali, hukata njia yake kama mtu anayepita na panga.

"Mama, mawe yamepiga?"

"Yamepita kwa kina Cherop," akasema. "Hawana kitu. Kesho tunaenda kuwasaidia kufagia." Akanyamaza kidogo. "Sisi tumesazwa."