Zainabu Makame: Mwimbaji Tu?

Mtahiniwa akiulizwa amweleze Zainabu Makame katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, jibu huja haraka: ni mwimbaji hodari wa taarabu mjini Tanga, tena ni mama mwenye mapenzi. Basi. Huku Kitale na Bungoma kosa hili ni rahisi zaidi. Mwandishi alizaliwa Bungoma, na safari ya Kongowea inamleta Kitale kumtafuta baba. Nasi twamfuata mwana njiani, mama tukamwacha Tanga.

Nashauri tumsome Zainabu kama mwanamke mwenye kazi ya hadhara, jirani kabisa na mwanahabari. Ushahidi upo. Mtazame Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, enzi za Malkia Victoria. Katika miaka ya 1890 huko London, Flora Shaw aliandikia gazeti la The Times, lakini makala za gazeti hilo hazikutiwa majina, hivyo wengi hawakujua kuwa wanasoma kazi ya mwanamke. Siti hakuwa na gazeti. Alikuwa na jukwaa, na tangu 1928 akawa na santuri zilizorekodiwa Bombay. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni, jinsi muuaji alivyotoroka, na jinsi sheria ilivyowageukia wanawake waliokuwa na marehemu. Hiyo si burudani tupu. Ni habari ya mahakamani, na lawama kwa mahakama imo ndani yake.

Sasa turudi kwenye riwaya. Msimulizi ni Kongowea, kwa nafsi ya kwanza. Sauti ya Zainabu, ambayo Tanga nzima iliisikia, sisi twaipata kupitia kumbukumbu za mwanawe. Hatumsikii akijisimulia. Maisha ya Siti nayo aliyaandika Shaaban Robert, katika wasifu uliotoka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Sina ugomvi na waandishi hawa. Wamewaenzi wanawake hao kuliko wengi. Lakini kalamu imebaki mkononi mwa mwanamume. Hata Walibora, aliyekuwa mtangazaji wa habari, aliipa tawasifu yake jina Nasikia Sauti ya Mama: anayesikia na kuandika ni mwana.

Wanahabari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida walilolianzisha mwaka uliofuata waliliita Sauti ya Siti. Safari hii wanawake wenyewe ndio walioandika.

Kwa hiyo, mtahiniwa, swali la usawiri wa mwanamke likija, usiorodheshe sifa tu. Onyesha pia nani anasimulia, na ni jambo gani msimulizi huyo hawezi kulijua. Nawe mwalimu, wape wanafunzi kurasa za mwanzo waziandike upya kwa nafsi ya Zainabu, ametoka jukwaani usiku, mtoto amelala. Wavulana nao waandike.